Kuchagua redio ya VHF ya chombo chako: anza na antena, malizia na redio

Maswali ni yaleyale kila mara. Ninunue ya wati ngapi? Ya mkononi haitoshi? Kile kitufe chekundu chenye kifuniko ni cha nini? Halafu kuna lile linalokuja pesa zikishatoka: redio ni mpya kabisa, mbona hakuna anayenisikia?

Swali hilo la mwisho ndilo limenifanya niupange mwongozo huu kinyume cha wanavyonunua watu wengi. Kwa kawaida mtu huchagua redio kwanza, akahangaikia skrini na rangi, kisha antena huwa yoyote iliyobaki na kebo huwa ile iliyokuwa karibu na mkasi. Wewe anzia juu ya mlingoti ushuke. Redio za kufunga za VHF ya baharini zina kikomo kimoja cha nguvu, wati 25, kwa hiyo ya bei ghali haipigi kelele kuliko ya bei ya kawaida. Kinachoamua kama utasikika ni kimo cha antena na ubora wa kebo.

Nazungumzia VHF ya baharini tu, inayotumia masafa ya takriban megahezi 156 hadi 162. Kama unadhani simu inatosha, kumbuka kwamba simu humwita mtu mmoja, tena kama mtandao upo. Redio husikika na kila chombo kilicho karibu, na katika shida aliye karibu ndiye unayemhitaji, hata kama humjui.

Uwe na haya mkononi kabla ya kununua chochote

- Kimo cha mahali pa juu kabisa unapoweza kufunga antena, kikipimwa kutoka usawa wa maji.
- Urefu wa njia ya kebo kutoka antena hadi redio. Pima kwa kamba ukifuata kona zote, usikadirie kwa macho.
- Volti za umeme wa chombo: 12 au 24.
- Umbali wa mbali kabisa unaoenda kutoka pwani, kwa ukweli, si kwa ndoto za mwaka ujao.
- Orodha ya vifaa ulivyonavyo: GPS, skrini ya ramani, AIS (mfumo wa vyombo kutambulishana na kuonyeshana mahali vilipo kwa redio).
- Masharti ya leseni ya nchi ambako chombo kimesajiliwa. Sehemu nyingi hutaka leseni ya kituo cha redio cha chombo na pia cheti cha mtumiaji.

Hatua 1. Piga hesabu ya umbali

Mawimbi ya VHF huenda karibu kwa mstari ulionyooka. Dunia ikishajipinda, yamekwisha. Hesabu yake ni fupi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita hadi upeo wa antena hiyo. Fanya hivyo kwa antena yako na ya unayezungumza naye, kisha jumlisha.

Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji, upeo wake ni kilomita 8 na kitu. Mwenzako akiwa na kimo hichohicho mtafikia kilomita 16 hivi, yaani maili 9 za baharini. Watu wawili wenye redio za mkononi, antena zikiwa mita 1 juu ya maji, watapata kilomita 8 kwa bahati nzuri. Lakini ukiita kituo cha pwani chenye antena iliyo mita 100 juu, antena yako ya mita 4 inakufikisha kilomita 49 hivi.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona wati hazimo kabisa. Nguvu husaidia kushinda mvumo na kebo mbovu, ila haisogezi upeo. Basi mtu akikuuzia redio kwa kukwambia «hii inafika maili 50», muulize antena iko juu ya nini.

Kama safari zako zinavuka umbali huo mara kwa mara, VHF pekee haitoshi. Utahitaji redio ya masafa marefu au simu ya setilaiti, pamoja na boya la dharura la EPIRB la megahezi 406. Hivyo vyote huongezwa juu ya VHF, haviichukulii nafasi.

Hatua 2. Ya kufunga, ya mkononi, au zote mbili

Chombo chenye betri na mahali pakavu pa kuiweka kianze na redio ya kufunga. Ina wati 25, inatumia antena ya juu, na haiishiwi chaji katikati ya maelezo. Kayaki au mashua ndogo isiyo na umeme itatumia ya mkononi, na si vibaya, mradi ujue mipaka yake.

Kwa anayemudu, jibu langu ni zote mbili, kwa mpangilio huo. Redio ya mkononi ndiyo itakayobaki mlingoti ukivunjika na antena ikaenda nao, au maji yakifika kwenye betri. Iwe na mambo haya:

- Wati 5 au 6, na uwezo wa kupunguza hadi 1.
- Kiwango cha IPX7 au zaidi. IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30.
- Ielee yenyewe ikianguka majini. Nyingine huwaka taa zikigusa maji, jambo linaloonekana la anasa hadi usiku uingie.
- Kishikio cha betri kavu za kawaida kama akiba. Redio iliyoisha chaji kwenye boti la kuokolea haina pa kuchajiwa.

Tahadhari kuhusu saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi hupimwa redio ikituma kwa asilimia 5 ya muda, ikipokea asilimia 5, na asilimia 90 ikisubiri kimya. Siku ya shida utatuma zaidi ya hapo, na chaji itaondoka mbio.

Kosa la kawaida hapa ni kununua redio ya mkononi ya nchi kavu na kuiingizia masafa ya baharini. Itasikika, ndiyo. Lakini nyingi hazina idhini ya kutumika baharini, hazizuii maji vizuri, na hazina mfumo wa wito wa dharura nitakaoueleza kwenye hatua ya 5.

Hatua 3. Chagua antena

Antena huandikwa desibeli: 3, 6 au 9. Wengi huchukua namba kubwa wakidhani ni nguvu zaidi. Antena haitengenezi nguvu. Inachofanya ni kubana mawimbi yasipotee juu na chini, yaende pembeni. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo miale inavyobanwa iwe nyembamba.

Tatizo ni kwamba chombo hakitulii. Jahazi likilala upande kwa upepo, miale myembamba ya upande mmoja inachoma maji na ya upande wa pili inapaa angani. Kwa hiyo:

- Chombo cha tanga: desibeli 3, antena fupi ya karibu mita 1, juu kabisa ya mlingoti.
- Boti la injini: desibeli 6, ya karibu mita 2.4, imefungwa juu ya kibanda na si kwenye ubavu.
- Desibeli 9 ni za vyombo vikubwa visivyoyumba sana. Ni ndefu, na kwenye boti dogo zinavunjika kabla hazijakusaidia.

Kati ya antena ya desibeli 6 iliyo chini na ya desibeli 3 iliyo juu, mimi nachukua ya juu karibu kila mara. Iweke pia angalau mita 1 mbali na antena nyingine na nondo za chuma, na isikae mbele ya rada.

Hatua 4. Chagua kebo, usibane pesa hapa

Kebo nyembamba ni bomba linalovuja: unamimina wati 25 chini, juu unapokea unachopokea. Kwa masafa haya, mita 15 za kebo nyembamba aina ya RG-58 hula karibu desibeli 3, ambazo ni nusu ya nguvu yako. Redio yako ya wati 25 imekuwa ya 12 na nusu kabla haijasema neno. Mita 15 zilezile za RG-213, iliyo nene, hupitisha karibu wati 18. RG-8X iko katikati, kama wati 15.

Na hasara haiko kwenye kutuma tu. Sauti dhaifu ya mtu wa mbali nayo inashuka kwenye kebo hiyohiyo.

Kanuni yangu: chini ya mita 6, RG-8X inafaa bila wasiwasi. Kuanzia hapo hadi mita 12 ifikirie RG-213, na juu ya mlingoti mrefu usijadili, weka RG-213 hata kama ni nzito na inakataa kupinda. Chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya baharini, yenye shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu huwa nyeusi ndani ya gamba bila wewe kujua.

Usiunge kebo katikati kama kuna njia ya kuepuka. Kila muungano ni mlango wa maji na wa hasara. Usiikunje kwa kona kali wala kuibana na mlango wa kibanda.

Hatua 5. Sasa, redio yenyewe

Angalia jambo moja kabla ya mengine yote: DSC, yaani wito wa kidijitali. Chini ya kifuniko chekundu kuna kitufe. Ukikibonyeza na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, redio hutuma kwenye chaneli 70 ujumbe wenye utambulisho wa chombo chako na mahali ulipo, na redio zenye DSC zilizo ndani ya upeo hupiga kengele. Hata kama sauti yako imekatika, hata kama aliyekishika ni mtoto, ujumbe unaenda. Chaneli 70 ni ya ujumbe huo tu. Usizungumze humo kamwe.

Tafuta redio ya DSC daraja D. Hiyo ina kipokezi cha pili kinachosikiliza chaneli 70 muda wote, hata ukiwa unaongea kwenye chaneli nyingine. Redio za zamani zenye kipokezi kimoja hukosa wito unapokuwa kwingine, na ndizo zinazouzwa kwa bei ya kutupa.

Kisha GPS. DSC isiyojua ilipo ni kengele isiyo na anwani. Nunua yenye GPS ndani yake, au yenye kuunganishwa na GPS yako kwa NMEA 0183 au NMEA 2000, viwango vya kuunganishia vifaa vya baharini. Unaweza pia kuandika nafasi, yaani mahali ulipo, kwa mkono, lakini baada ya saa moja ya safari namba hizo ni za mahali ulipokuwa, na wakati wa shida hakuna atakayekumbuka kuzibadilisha.

Mengine niyapitie haraka. IPX7 angalau. Namba za skrini zisomeke juani na usiku. Kuangalia chaneli mbili kwa zamu, ili uwe kwenye chaneli ya kazi bila kuiacha 16, ile ya dharura. Vitufe vya kubonyezeka na mikono yenye maji. Maikrofoni ya pili kwa usukani wa nje ni nzuri kama redio iko ndani na injini ina kelele. Kipokezi cha AIS kilichomo ndani ya redio kinakuonyesha meli zilizo karibu, jambo zuri sana penye ukungu na njia za meli. Ila kinapokea tu. Wewe unawaona, wao hawakuoni.

Nguvu ya spika ipime dukani kwa sikio lako. Karatasi haitakwambia lolote la maana.

Hatua 6. Pata MMSI kabla ya kufunga

DSC haifanyi kazi bila MMSI, namba ya tarakimu 9 inayotambulisha chombo. Kwa chombo cha kawaida tarakimu 3 za mwanzo zinaonyesha nchi. Hutolewa na mamlaka husika ya nchi ya usajili, na maelezo ya chombo na ya watu wa kuwasiliana nao hubaki kwenye kumbukumbu ambazo waokoaji huzitazama. Maelezo yakibadilika, yarekebishe.

Iingize polepole na uisome mara mbili. Redio nyingi hukuruhusu kuiandika mara moja au mbili tu, kisha hujifunga na kutaka irudishwe kwa muuzaji au fundi aliyeidhinishwa. Kwa sababu hiyohiyo uwe macho na redio iliyotumika: huenda imebeba MMSI ya chombo cha mwenyewe wa zamani, na ukibonyeza kitufe chekundu watatafuta boti lake. Wala usibuni namba.

Hatua 7. Umeme na ufungaji

1. Vuta nyaya za redio kutoka kwenye betri au kwenye ubao mkuu wa umeme, na fyuzi ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha redio. Usidandie nyaya za taa.
2. Tumia waya mnene. Redio ikisubiri inakula kidogo, ikituma kwa wati 25 inavuta ampea 5 hadi 6. Nyingi zimeundwa kwa volti 13.8 na huvumilia asilimia 15 juu au chini, yaani takriban 11.7 hadi 15.9. Chombo chenye volti 24 kinahitaji kipunguza volti; ukiiunganisha moja kwa moja umeiua.
3. Kabla ya kutoboa matundu, shikilia redio mahali unapotaka ikae na utazame dira. Spika ina sumaku. Sindano ikisogea, sogeza redio. Fanya hivyo pia kwa maikrofoni na spika ya nje.
4. Funga plagi za PL-259 kwa kuzichomea risasi vizuri, kisha zinazokaa nje zizungushie mkanda wa mpira unaojishika wenyewe. Acha kebo ining'inie kidogo kabla ya tundu la kuingilia ndani, ili maji yadondoke hapo badala ya kuifuata hadi kwenye redio.
5. Usibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijaunganishwa. Nguvu isiyo na pa kwenda hurudi na inaweza kuunguza sehemu ya redio inayotuma.

Hatua 8. Jaribu

Weka kati ya redio na antena mita ya SWR, yaani kipimo kinachoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kutoka kwenye antena. Chini ya 1.5 ni vizuri. Zaidi ya 2 kuna kitu cha kutafuta kwenye plagi, kebo au antena. Hapa pana mtego: kebo mbovu iliyonyonya maji inaweza kuonyesha SWR nzuri, kwa kuwa nguvu inafia njiani na hairudi kupimwa. Basi usiishie kwenye mita.

Omba chombo kingine kikusikilize kwenye chaneli ya kazi, kwa wati 1 kwanza, kisha 25, kisha ukiwa mbali zaidi. Chaneli 16 ni ya dharura na ya kuitana, mkishapatana hameni. Bonyeza, subiri kidogo, ndipo useme, maikrofoni ikiwa sentimita chache kutoka mdomoni. Anayesema papo hapo hukatika jina la chombo chake, ambalo ndilo neno lenye maana kuliko yote.

DSC ijaribu kwa wito wa majaribio kwenda kwa MMSI ya mwenzako. Kitufe chekundu hakijaribiwi. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, usizime redio ukakaa kimya ukitumaini hakuna aliyeona. Fuata utaratibu wa kufuta wito ulio kwenye kitabu, kisha nenda chaneli 16 utangaze jina la chombo, MMSI, na kwamba wito huo umefutwa.

Ikikataa

*Inapokea vizuri, ukibonyeza kusema skrini inazima au inafifia.* Umeme hautoshi. Pima volti nyuma ya redio wakati inatuma. Zikianguka, ni waya mwembamba, fyuzi iliyolegea au ncha yenye kutu. Redio haina kosa.

*Unasikia wa karibu tu, na wa karibu tu ndio wanakusikia.* Anza na plagi ya juu ya mlingoti. Kama una antena ya akiba, iunge na kebo fupi moja kwa moja kwenye redio. Mambo yakiwa mazuri zaidi licha ya antena kuwa chini, kebo yako imekwisha. Angalia pia kama umesahau redio kwenye wati 1. Hutokea mno.

*Kimya kabisa.* Skwelchi, kidhibiti kinachonyamazisha mvumo, imezungushwa hadi mwisho. Irudishe hadi mvumo utokee, kisha ipandishe kidogo hadi uishe, si zaidi.

*Mvumo mwingi, hasa usiku.* Zishuku taa za LED. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba baadhi ya taa hizo, zikiwa karibu na antena, huvuruga VHF na AIS. Chagua chaneli tulivu, weka skwelchi pale mvumo unapoishia tu, kisha washa taa moja baada ya nyingine. Inayorudisha mvumo ndiyo mkosaji. Pampu na chaja za betri zipime vivyo hivyo.

*Chaneli 16 inafanya kazi, kituo cha pwani hakijibu kwenye chaneli nyingine.* Tazama kama redio iko kwenye mpangilio wa kimataifa au wa Marekani. Namba huwa zilezile lakini masafa ya baadhi ya chaneli si yaleyale. Chaneli 22 ni mojawapo. Chagua mpangilio wa eneo ulilopo.

*DSC inalia kwamba hakuna nafasi.* GPS haijakamata setilaiti, au nyaya mbili za NMEA 0183 zimebadilishana. Hakikisha skrini ya redio inaonyesha latitudo na longitudo, na kwamba zinabadilika ukitembea.

*Hakuna kinachosikika kwa muda mrefu, redio ina joto, na skrini inaonyesha alama ya kutuma.* Kitufe cha maikrofoni kimekwama, au umeikalia. Wakati huo umeifunga chaneli kwa wote wa karibu nawe, na mazungumzo ya ndani ya chombo yanasikika hadi kwa wasiohusika. Chomoa maikrofoni au zima redio, safisha chumvi kwenye kitufe, na itafutie maikrofoni ndoano yake badala ya kuiacha kitini.